Alama za Kuzungumza: Tunampimaje kwa Haki Mwanafunzi wa Kiingereza?

Mtihani wa Kidato cha Nne wa somo la Kiingereza ni karatasi moja ya saa tatu. Mtahiniwa anaingia, anaandika, anatoka. Anaweza kupata A bila ya kutamka neno hata moja la Kiingereza mbele ya mtu, na anaweza kufeli ilhali ni mtu anayeelewana na wageni pale Paje kuanzia asubuhi mpaka jua linatua. Mtaala unataja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa unaziona mbili za mwisho tu.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu kuliziba pengo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, alama 30 kati ya 60 ni za stadi za mazungumzo, lakini zinajibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaulizwa neno gani linatamkwa sawa na jingine, au angefanya nini kama wasikilizaji hawamsikii, naye anaandika. Ni bora kuliko kutouliza kabisa. Ila ni sawa na kumpima mpishi kwa kumwuliza pilau linatiwa viungo gani, halafu ukamwachia aende bila ya kuonja chochote.

Matokeo yake ni kwamba alama ya kuzungumza, pale inapotolewa, imo mikononi mwa mwalimu mmoja wa darasa. Hakuna msahihishaji wa pili wala karatasi ya kurejea. Insha ukinionea naweza kuileta tena mezani tukaisoma pamoja. Maneno yakishatoka mdomoni yamekwenda na upepo.

Naandika haya kwa wenzangu wa ualimu khasa, wale wanaosubiri kupangiwa skuli za mazoezi ya kufundisha. Lakini na nyinyi wa biashara na kompyuta someni, kwa sababu na sisi hapa tunapimwa kwa mdomo kila muhula, na hilo nitalifikia.

Mimi nilipangiwa skuli moja ya sekondari Makunduchi, Kusini Unguja, huko mwisho wa njia ya gari la 310. Nilipewa Kidato cha Pili, wanafunzi 46, vipindi vya dakika 40. Maalim aliyenipokea ni mtu mwema na mzoefu, na nilipomwuliza alama za kuzungumza zinatolewaje alicheka.

"Speaking, mwanangu? Hiyo tunajaza mwishoni. Si unakuwa ushawajua?"

Nikasema, "Sawa, maalim." Simlaumu, na sababu ya kutomlaumu ni hesabu. Wanafunzi 46, ukimpa kila mmoja dakika tatu tu, ni dakika 138, yaani karibu vipindi vitatu na nusu, na hapo hujahesabu kuitana, kukaa, na yule anayeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Mtihani wa IELTS, ambao baadhi yetu tutaukuta tukitaka kusoma nje, unampa mtahiniwa mmoja dakika 11 hadi 14 peke yake na mtahini, na mazungumzo yote yanarekodiwa. Kwa darasa langu hiyo ingekuwa zaidi ya saa nane. Mwalimu ana madarasa manne. Ndiyo maana anajaza mwishoni.

Sasa, unapojaza mwishoni, unajaza nini hasa? Unajaza picha uliyonayo kichwani. Huyu daftari lake safi, huyu anafuta ubao bila ya kuambiwa, huyu alinijibu vibaya mwezi wa tatu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliandika kuhusu maofisa wa jeshi waliokuwa wanawapa alama watu walio chini yao. Aliona kuwa aliyepewa alama ya juu kwa umbo na unadhifu alipewa ya juu pia kwa akili, uongozi na tabia, kana kwamba yote yale ni kitu kimoja. Sifa moja inazipaka rangi nyingine zote. Kwa hiyo "si unawajua?" ndiyo hatari yenyewe. Kadiri unavyomjua zaidi mtoto, ndivyo unavyozidi kumpa alama ya vile alivyo badala ya alama ya alichokisema.

Na msidhani tatizo ni la walimu wavivu. Mwaka 1912 watafiti wawili, Starch na Elliott, waliwapelekea walimu zaidi ya 100 wa sekondari nchini Marekani nakala za karatasi ileile ya Kiingereza ya mwanafunzi mmoja. Alama zilizorudi zilipishana kwa zaidi ya 30 katika 100. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa, imetulia mezani, unaweza kuisoma mara tatu na chai yako. Basi fikiria sauti ya dakika tatu ndani ya darasa la bati, mvua ya masika inapiga.

Anayesema sana na anayejua

Nitawaeleza wanafunzi wawili bila ya kuwataja.

Wa kwanza ni kijana ambaye ndugu zake wanafanya kazi na watalii upande wa Jambiani. Kiingereza chake kinatiririka. Anakusalimu, anakuuliza umetoka wapi, anakwambia bahari ya leo ikoje. Darasa zima linamwona ndiye bingwa. Lakini ukimtoa kwenye njia yake, ukamwuliza kwa nini, au ungefanyaje kama, anarudi kwenye sentensi zilezile ishirini. Wa pili ni msichana anayeinamisha kichwa akiongea na mwalimu, sauti yake ya chini, na kati ya neno na neno unaweza kumaliza kikombe cha kahawa. Nikamwuliza mwani unaanikwaje. Akaeleza kwa sentensi kamili kuanzia kamba na vigingi mpaka kwenye magunia, na akatumia "because" na "if" mahali pake.

Nani anazungumza vizuri zaidi? Rahisi kusema ni msichana, na wasomi wa sarufi tungependa iwe hivyo. Lakini yule kijana ana kitu ambacho yule msichana hana: asipoelewa anauliza tena, na asipoeleweka anatafuta njia nyingine ya kusema. Hiyo ni stadi halisi ya mazungumzo, na hakuifunza skuli. Alama moja ya jumla, tuseme 7 katika 10, itawaonea wote wawili. Mmoja atapewa 7 yake kwa sababu anatiririka, mwenzake atapewa 7 yake kwa sababu hakosei, na hakuna atakayejua afanyie kazi kipi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuigawa alama.

Karatasi nyingi za vigezo tunazopewa zimeshaigawa, nakubali. Shida ni vigezo vyenyewe. Karibu kila moja ninayoiona ina mstari wa kujiamini, na nyingine zinaongeza kumwangalia msikilizaji machoni. Jamani, hapa petu mtoto anayemkazia macho mtu mzima anapozungumza naye ataambiwa hana adabu, na si Makunduchi tu. Yule msichana aliyeinamisha kichwa alikuwa ananiheshimu. Nikimkata alama mbili za macho nitakuwa nimepima malezi ya nyumbani kwao na kuyaita Kiingereza. Ikiwa tunachotaka ni sauti isikike, basi tuandike hivyo: "anasikika na mtu aliyekaa hatua tatu mbali naye". Hilo linaweza kufundishwa, na linaweza kuonwa na watahini wawili wakakubaliana. Kujiamini kumo moyoni, na moyo hauna kipimo cha 0 hadi 5.

Lingine linalotupoteza ni hotuba ya kuhifadhi. Mwanafunzi anasimama, "My name is, I live in", dakika mbili bila ya kupumua, anakaa, anapigiwa makofi. Amezungumza? Amesoma kutoka kichwani. Kusoma kwa sauti nako si kuzungumza, ingawa desturi hiyo ni ya zamani sana. Mtihani wa kwanza wa juu kabisa wa Kiingereza wa Cambridge kwa wageni, mwaka 1913, ulikuwa na imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo katika sehemu yake ya mdomo. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote watatu walifeli. Nikiona watoto wetu wanavyotetemeka huwa nawakumbuka wale.

Lafudhi ya nani?

Hapa ndipo penye uonevu mwingi zaidi, nami nitakaa kidogo.

Mtoto wa Makunduchi anaanza na Kikae nyumbani. Skuli anakutana na Kiswahili sanifu, na huko tayari anasahihishwa namna anavyosema. Halafu kwa sera yetu ya elimu ya mwaka 2006, hisabati na sayansi zikawekwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Yaani Kiingereza ni msemo wake wa tatu, na katika misemo yote mitatu kuna mtu anayesubiri akosee. Ndipo tunapokuja sisi na kigezo cha matamshi, na hatujaambiwa matamshi ya nani.

Mwaka 1995 Munro na Derwing walichapisha utafiti unaofaa kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Waliwarekodi watu wa China wanaozungumza Kiingereza, kisha wakawapa wenyeji wa lugha hiyo wasikilize, waandike walichosikia na waseme lafudhi ni nzito kiasi gani. Kumbe sentensi nyingi zilizosemwa kuwa na lafudhi nzito ziliandikwa bila ya kosa. Lafudhi ni kitu kimoja, kueleweka ni kitu kingine. Na pengine lafudhi yenyewe imo katika jicho. Mwaka 1992 Donald Rubin, huko huko Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo sauti moja ya mzungumzaji Mmarekani. Kundi moja likaoneshwa picha ya mwanamke mzungu, jingine ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliooneshwa ya pili walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na somo wakalielewa kidogo zaidi. Sauti ni ileile! Basi na sisi tujiulize tunasikia nini kabla mtoto hajafungua mdomo, tukishajua anakaa mtaa gani na baba yake nani.

Wengi wetu tumepita chuoni, na nakusudia chuo cha Qur-ani, si hiki cha digrii. Huko tulifundishwa kuwa makosa ya usomaji ni ya aina mbili. Kuna lahni jalii, kosa la wazi, linalobadilisha herufi au irabu na linaloweza kugeuza maana. Na kuna lahni khafii, kosa lililojificha, kama kupunguza ghuna, ambalo mjuzi ndiye anayelisikia. Maalim wa chuo halirukii la pili kabla ya la kwanza. Mimi nimeona mgawanyo huu unatufaa hasa katika Kiingereza.

Chukua irabu. Kiswahili kina tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, na urefu wake una maana. Mwanafunzi wetu akisema "ship" na "sheep" kwa namna moja, au "live" na "leave", msikilizaji anaweza kupotea kweli. "Cat", "cut" na "cart" zote zinatua kwenye a yetu moja. Hilo ni la wazi, lifundishwe na lipimwe. Pia tunaongeza irabu mwishoni, "desk" ikawa "deski", kwa sababu neno la Kiswahili halipendi kufungwa mdomo. Mara nyingi hilo halimpotezi mtu, linasikika tu kuwa ni letu. Mkazo nao: sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo "comfortable" mtoto anaibana pale kwenye "ta", wakati Mwingereza anaibana mwanzoni. Nakata alama pale tu nilipolazimika kumwuliza amesema nini.

Na kuna kichekesho. Sauti zinazowatesa wanafunzi wa nchi nyingi, ile ya mwanzo wa "think" na ile ya "this", sisi tunazo tangu utotoni: thelathini, dhahabu. Watoto wa Unguja wanazitamka bila ya jasho. Mwalimu akizisikia anaona hiki ni Kiingereza cha kweli na anaongeza alama. Lakini Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Kiingereza cha mataifa, aliziondoa sauti hizo hizo katika orodha ya mambo ya lazima, kwa kuwa watu wanaelewana hata zikibadilishwa. Urefu wa irabu akaubakisha. Maana yake tunawapa watoto wetu alama kwa walichozaliwa nacho, na tunasahau kuwafundisha wasichokuwa nacho.

Hata Ulaya wamejirekebisha. Mfumo wao wa viwango vya lugha, ule wa A1 hadi C2 uliotoka mwaka 2001, ulikuwa na ngazi ya matamshi iliyolalamikiwa kwa kumweka mwenyeji wa lugha kuwa ndiye kipimo. Katika nyongeza ya mwaka 2018 ngazi ile iliandikwa upya na mkazo ukahamia kwenye kueleweka. Ikiwa wao wameacha, sisi tunang'ang'ania nini?

Kupanga kazi yenyewe

Vigezo vizuri juu ya swali bovu havisaidii. Nimeona kadi ya maswali inayomtaka mtoto aeleze safari yake ya ndege. Aliyepanda atasema, ambaye hajapanda atanyamaza, na utaandika kwamba hajui Kiingereza. Lakini hata swali la nyumbani lina mtego wake. Mwaka Kogwa ni swali tamu kwa Makunduchi: wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Mtoto wa hapa ana la kusema mpaka kengele ilie. Mtoto aliyehamia juzi kutoka Pemba au bara kwa sababu ya kazi ya mzazi wake hana. Nilichofanya ni kuwapa wote picha, kisha mmoja akawa mgeni anayeuliza na mwingine akawa mwenyeji anayejibu, halafu wakabadilishana. Hapo hata asiyeijua sherehe alikuwa na kazi, kwa sababu kuuliza nako ni kuzungumza.

Kazi ya watu wawili inapunguza nusu ya muda, na inamwondolea mtoto hofu ya kuongea na mkubwa. Mitihani ya Cambridge inafanya hivyo siku hizi: watahiniwa wawili, watahini wawili, mmoja anazungumza nao na mwingine anakaa pembeni anaandika alama. Hila ninayoipenda zaidi ni ya taarifa iliyogawanywa. Huyu ana ratiba ya magari yenye mapengo, mwenzake ana ratiba iliyobaki, na kila mmoja amekatazwa kuonesha karatasi yake. Lazima waulizane. Hotuba ya kuhifadhi haimsaidii mtu hapo.

Shida ya watu wawili ni kuwa mwenye kelele anammeza mpole. Ukimpanga yule kijana wa Jambiani na yule msichana wa mwani, utamsikia mmoja tu. Kwa hiyo kila mwanafunzi nilimsikiliza mara mbili, na wenza wawili tofauti, siku mbili tofauti. Na kadi ziwe aina tano au sita, kwa sababu wa kwanza akitoka nje dakika hiyo hiyo wenzake wanamzunguka, "kakuuliza nini, kakuuliza nini?"

Muda nilioupata wapi? Nimeuiba tena kutoka chuo cha Qur-ani. Maalim hawasikilizi watoto wote siku moja. Mmoja anakaa mbele yake, wengine wanarudia sehemu zao kwa sauti, na kesho tena. Basi kila kipindi nilichukua jozi tatu, dakika nne kila jozi, pale barazani nje ya darasa, huku wengine wanafanya zoezi la kuandika. Jozi tatu kwa siku, darasa la 46 lina jozi 23, vipindi vinane vimetosha mzunguko mmoja. Mizunguko miwili iliingia ndani ya muda wangu wa mazoezi, ingawa siku za bamvua kulikuwa na viti vitupu na ilibidi niwasubiri.

Karatasi yangu ilikuwa na mistari mitatu tu, kila mmoja alama 0 hadi 4. Kueleweka: nilielewa bila ya kumwuliza tena, nilimwuliza mara moja mbili, nilibaki nabahatisha. Kuendeleza mazungumzo: anajibu, anauliza, anaomba arudiwe, anatafuta njia nyingine neno likimpotea. Maneno na sarufi: ana ya kutosha kwa kazi aliyopewa, au anazunguka na maneno yaleyale. IELTS wana vigezo vinne vyenye uzito sawa, ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi, na ngazi tisa. Ni mfumo mzuri, lakini watahini wao wanafunzwa kuutumia. Mwalimu mmoja mwenye jozi tatu na dakika kumi na mbili hawezi kutofautisha ngazi ya 5 na ya 6. Afadhali ngazi chache ambazo unaweza kuzitetea mbele ya mzazi.

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu nilirekodi jozi kadhaa kwa simu yangu, nikaomba mwenzangu wa mazoezi azisikilize bila ya kuona alama zangu. Mistari miwili tulikaribiana. Wa kuendeleza mazungumzo tulipishana sana, na tulipokaa chini tukagundua kwamba yeye alikuwa anahesabu kimya kuwa ni kushindwa, na mimi nilikuwa nahesabu kuwa ni kufikiri. Tukakubaliana kuwa kimya kikifuatwa na jibu hakikatwi. Mazungumzo yale ya nusu saa barazani yalinifunza zaidi kuliko muhula mzima wa upimaji, na sauti tulizifuta siku ileile.

Kukubaliana huko kulimfaa mwanafunzi mmoja zaidi ya wengine. Ana kigugumizi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza vilevile. Kigezo cha kutiririka kingemwua, na kingepima ulimi wake badala ya lugha yake. Huyu apewe muda, asimaliziwe sentensi, mwenza wake achaguliwe mpole, na alama zitoke kwenye alichosema kilipofika. Mwenye uzito wa kusikia akae karibu na aoneshwe kadi iliyoandikwa. Kama kumpa kila mtu masharti yaleyale kunampa mmoja mtihani mgumu maradufu, basi masharti yale si sawa.

Na sisi hapa?

Nilisema nitalifikia. Kila muhula tunasimama mbele ya darasa na slaidi zetu, na alama za uwasilishaji zinatoka. Mara ngapi umepewa vigezo kabla ya kusimama? Mimi nimeshawahi kupata alama za uwasilishaji nisijue hata zilikuwa katika ngapi. Kuna kundi la watu sita ambamo mmoja anasema na watano wanashika karatasi, na wote wanapata sawa. Kuna wenzetu waliosoma skuli za binafsi za mjini tangu chekechea, wakifungua mdomo tu ukumbi unatulia, na kuna waliotoka Makunduchi, Micheweni au Nungwi ambao wana hoja nzito zaidi lakini wanazitafutia maneno. Kwenye somo la uchumi au historia, alama ni ya nini? Kama ni ya hoja, isemwe, na kama ni ya Kiingereza, isemwe vilevile, tuipangie muda wa kufundishwa kwanza.

Ninachoomba serikali yetu ya wanafunzi ikipeleke kwa wakuu wa skuli ni kidogo: karatasi ya vigezo itolewe pamoja na swali la kazi, na mwanafunzi arudishiwe karatasi ile ikiwa imejazwa. Haina gharama. Ni kurasa mbili za fotokopi.

Makunduchi, mwisho wa mazoezi, nilimpelekea maalim karatasi zangu 46. Alizipitia moja moja akiwa amevaa miwani yake, akasimama kwenye ya yule msichana.

"Huyu? Mbona kwangu hasemi?"

"Anasema, maalim. Ukimpa dakika na mwenzake."

Akaichukua ya kijana wa Jambiani, akaangalia mstari wa tatu, akacheka kidogo. Shida iliyobaki ni kuwa ripoti ya mzazi ina kisanduku kimoja tu cha Kiingereza. Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi nilitaka kuzungumza kuwe alama 25 katika 100, yeye alisema 10 zinatosha kwa sababu mtihani wa taifa hauulizi. Tukakutana kwenye 15, na akaniomba nimwachie kadi za maswali.